Kocha wa taifa hasajili: kisa cha Dav Whatmore kutoka Lahore mpaka Harare

Novemba 2024 Tabora United walipoenda Dar kumchapa Yanga 3-1 pale Azam Complex mji wetu haukulala, na siku chache baadae Yanga wakaachana na kocha wao Gamondi. Tangu hapo vijiwe vya huku, kuanzia Kachoma mpaka Ipuli, mada ni moja tu, kocha. Kocha mzuri, kocha mbovu, kocha afukuzwe, kocha aongezewe mkataba. Mimi ni mwalimu wa michezo, nafundisha mpira wa miguu shuleni na jioni nina vijana wangu wa mtaani, haya mabishano nayapenda kwa kweli ila kuna kitu kinaniuma humo ndani, watu wanampima kocha kwa matokeo ya mwisho bila kuuliza alipofika alikuta nini. Kwahiyo naleta kisa cha mtu ambaye wengi huku hawamjui maana mchezo wake ni kriketi. Anaitwa Dav Whatmore. Kwa mwaka mmoja hivi aliwachukua watu waliokuwa wanadharauliwa wakawa mabingwa wa dunia, na miaka 20 baadae akafukuzwa Zimbabwe kabla mkataba haujaisha, na ukimuangalia vizuri ni mtu yuleyule na kazi ni ileile.

Kwanza nimtambulishe. Whatmore amezaliwa Colombo, Sri Lanka, mwaka 1954, familia ikahamia Australia akiwa mtoto akakulia Melbourne. Akacheza jimbo la Victoria, na timu ya taifa ya Australia akaichezea mechi 7 za testi, zile za siku 5, na moja ya siku moja, basi. Hakuwa staa. Na hili nalisema makusudi maana huku kwetu mtu akitajwa kuwa kocha swali la kwanza ni "alichezea wapi?" utadhani miguu ndo inafundisha.

Kriketi yenyewe kwa kifupi kwa wasioijua: timu moja inapiga kwanza inakusanya mikimbio, nyingine inarusha na kudaka, halafu wanabadilishana, aliyekusanya mingi ndo mshindi. Mirusho 6 inaitwa ova. Mpigaji akitolewa, hiyo ni wiketi. Mechi za siku moja ni ova 50 kila upande. Mimi niliijulia Dar nikiwa chuo, pale Mlimani, nikaanza kwa kushangaa nikaishia kuipenda, na hayo maelezo yanatosha kwa kisa hiki.

Sasa twende 1995. Sri Lanka wanamwita Whatmore awe kocha. Alikuta nini? Hapa ndo watu wengi wanaparuka na mimi sitaki tuparuke. Alikuta nahodha Arjuna Ranatunga, mtu mzima, mkali, mwenye akili ya mchezo kupita kawaida. Alikuta Aravinda de Silva, mpigaji ambaye dunia nzima ilikuwa inajua ana kipaji ila hatulii. Alikuta Gurusinha, alikuta Muralitharan kijana, alikuta Jayasuriya ambaye muda mrefu alitumika kama mrushaji anayejua kupiga kidogo. Yaani watu walikuwepo, na wengi wao walishacheza pamoja karibu miaka kumi. Kilichokosekana ni stamina, udakaji, mazoezi yenye ratiba, na mtaalamu wa viungo wa uhakika, Whatmore akaja na Alex Kountouri kwa kazi hiyo. Hakuleta mchezaji hata mmoja, na hata angetaka asingeweza, kocha wa taifa hasajili.

Mnisome vizuri hapo. Kocha wa klabu akikosa beki anasubiri dirisha dogo, anampigia simu rais wa klabu, anatafutiwa beki Kinshasa au Abidjan. Kocha wa taifa anapewa watu wenye haki ya kuichezea nchi ile tu, na mara nyingi hata kuwachagua hachagui peke yake, kuna kamati ya wateuzi. Ni kama mfugaji nyuki wa Sikonge, hachagui nyuki gani waingie mzingani, anachagua mti wa kutundika na anajua lini arine.

Na Whatmore na Ranatunga walijua lini warine. Sheria ya wakati ule ilisema ova 15 za kwanza timu inayodaka inaruhusiwa kuweka watu wawili tu nje ya duara, mbali. Karibu timu zote zilikuwa zinaanza taratibu, zinalinda wiketi, zinakuja kushambulia mwishoni. Sri Lanka wakageuza. Januari 1996 wakiwa ziarani Australia wakampandisha Kaluwitharana, mdakaji wa nyuma ya wiketi, kimo kifupi, aliyekuwa anapiga chini kwenye orodha, akaanza yeye na Jayasuriya, amri ikawa piga toka mrusho wa kwanza, huko nyuma hakuna mtu. Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa, New Zealand walishalijaribu na Greatbatch 1992, na sifa haziendi kwa Whatmore peke yake, kuna Ranatunga na kuna meneja Duleep Mendis. Tofauti ni kwamba wao hawakulifanya la kubahatisha, walilifanya ndo mfumo, na wakawaambia wale wawili mkitolewa mapema hakuna atakayewalaumu. Kama umewahi kufundisha vijana unajua hilo neno lina uzito gani. Mchezaji anayeogopa kulaumiwa hajaribu kitu.

Machi 2, 1996, Kombe la Dunia, Delhi. India wamekusanya 271, Tendulkar peke yake 137, uwanja wao, watu wao. Sri Lanka wanaingia kupiga, ova 3 tu wana 42. Manoj Prabhakar, mrushaji mzoefu wa India, ova zake 2 za mwanzo zikachapwa 33, ikabidi baadae aache mirusho yake ya kasi arushe ya taratibu ya kuzungusha, mtu mzima na heshima zake mbele ya mashabiki wake. Sri Lanka wakashinda. Faisalabad robo fainali Jayasuriya akawapiga England 82 kwa mipira 44. Nusu fainali Kolkata ndo nayoipenda zaidi mimi, maana mpango ULIFELI. Ova ya kwanza tu Kaluwitharana na Jayasuriya wote nje. Ukiwa na timu yenye mpango mmoja umekwisha pale. Akaingia Aravinda, hakujilinda, akaendelea kushambulia vilevile, 66 kwa mipira 47, timu ikafika 251, na India wakaporomoka kutoka 98 kwa wiketi 1 mpaka 120 kwa wiketi 8, mashabiki wakaanza kutupa chupa na kuwasha moto majukwaani, mwamuzi akawapa Sri Lanka ushindi. Fainali Lahore, Machi 17, Australia 241, Sri Lanka wakaanza vibaya tena, 23 kwa wiketi 2, Aravinda akapiga 107 bila kutolewa na alishachukua wiketi 3, mchezo umeisha kwa wiketi 7 mkononi. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kushinda fainali ya Kombe la Dunia ikipiga ya pili. Whatmore alikuwa ametimiza miaka 42 jana yake.

Mwalimu mwenzangu mmoja hapa Tabora, mtu wa hesabu, nilipomsimulia haya akaniambia "Kaka, huyo kocha wako alibahatika tu, alimkuta Aravinda." Nikamjibu "Mwalimu, Aravinda alikuwepo 1987 na 1992, mbona hawakuchukua?" Akanyamaza kidogo akasema sawa, lakini bila Aravinda je? Na hapo ana hoja, siwezi kumkatalia, ndo maana kisa hakiishii Lahore.

Alipoondoka akaenda Lancashire, klabu ya Uingereza, akachukua vikombe, huko tupite. Akarudi Sri Lanka 1999 mpaka 2003. Na hapa kuna sehemu inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1996 pale Kandy, Sri Lanka ya Whatmore iliwapiga Kenya mikimbio 398, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja wakati ule, ingawa Steve Tikolo wa Kenya alijibu kwa 96 zake. Februari 24, 2003, Nairobi, Kombe la Dunia, Whatmore yuleyule yuko benchi la Sri Lanka, Kenya wanampiga kwa tofauti ya mikimbio 53. Collins Obuya wiketi 5 kwa mikimbio 24. Nahodha Tikolo huyohuyo, ambaye baadae alikuja kuwa kocha wa Uganda na hata wa timu yetu ya Tanzania. Kenya wakafika nusu fainali! Sri Lanka nao walifika nusu fainali, wakatolewa na Australia, Whatmore akaondoka. Kombe limekosekana, lakini angalia, mwaka ule Aravinda ndo anastaafu. Kizazi kilekile alichokikuta 1995 kilikuwa kinamalizika mikononi mwake.

Sasa Bangladesh, na hapa ndo ukocha wake mimi nauona zaidi hata kuliko Lahore. Mwaka 2003 Bangladesh hawakushinda mechi hata moja ya Kombe la Dunia, walifungwa na Canada, wakafungwa na Kenya. Walipewa hadhi ya kucheza testi mwaka 2000 na watu walikuwa wanasema wanyang'anywe. Mtu aliyetoka kuchukua ubingwa wa dunia na kufika nusu fainali anakubali kwenda pale, ujue anaipenda kazi. Alikuta nini? Hakuna Aravinda. Kuna watu wachache wazima kama Habibul Bashar na Mohammad Rafique, na nyuma yao kuna watoto. Watoto kabisa. Kwahiyo ile dawa ya Sri Lanka, kuwafungua watu wazima, isingefanya kazi, hakuna wa kufungua. Hapa ilibidi kusubiri, na kusubiri kwa kocha wa taifa ni kazi ngumu sana maana kila kipigo kinasomwa kwenye taarifa ya habari.

Na vipigo vilikuwepo, jamani. Ila angalia mlolongo wake. Septemba 2003 Multan wanafungwa na Pakistan testi kwa wiketi 1 tu, Inzamam akaiokoa nchi yake peke yake. Machi 2004 wanashinda mechi ya siku moja kwa Zimbabwe, ya kwanza tangu 1999. Desemba 2004 wanaifunga India Dhaka. Januari 2005 ushindi wa kwanza kabisa wa testi, Chittagong. Juni 2005 Cardiff wanaifunga Australia, mabingwa wa dunia, Ashraful akiwa na mikimbio 100. Katikati ya hizo kuna mechi nyingi za kudhalilika, lakini ukisoma kwa mwaka mmoja mmoja unaona mtu anapanda ngazi.

Halafu 2007, West Indies, Kombe la Dunia. Kabla ya kwenda wateuzi wanamuacha Khaled Mashud, mdakaji mzoefu wa miaka mingi, wanamchukua Mushfiqur Rahim, kijana wa miaka 19. Fikiria kelele nyumbani. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza inakuja habari kuwa mwenzao Manjural Rana amekufa kwenye ajali ya barabarani, ana miaka 22, wengi mle kambini walishacheza naye. Machi 17 wanaingia uwanjani Port of Spain dhidi ya India ya Tendulkar, Dravid, Ganguly, Sehwag. Mashrafe Mortaza anachukua wiketi 4, India wote nje kwa 191. Kwenye kupiga anaanza Tamim Iqbal, miaka 17, anamfuata Zaheer Khan mbele anampiga juu huko majukwaani, anafika 51. Shakib Al Hasan, 19, anafika 53. Mushfiqur anamaliza na 56 bila kutolewa, na yeye ndo anapiga ule wa ushindi. Watoto watatu. India wakatolewa hatua ya makundi. Mwezi uliofuata Bangladesh wakaifunga na Afrika Kusini, halafu wakafungwa na Ireland, ndo ujana ulivyo. Whatmore akaondoka mwaka uleule. Kombe? Hakuna. Ila wale watatu ndo waliibeba Bangladesh miaka 15 na zaidi iliyofuata. Sasa niambie, kwenye jedwali la kijiweni tunamuandika kocha huyu amefaulu au amefeli?

Pakistan nitapita haraka, alikaa 2012 mpaka mwanzoni mwa 2014, akachukua Kombe la Asia ndani ya mwezi wake wa kwanza, akashinda mfululizo wa mechi za siku moja ndani ya India, akachapwa testi 3-0 Afrika Kusini ikiwemo siku ya kutoka wote kwa 49. Juu chini, kama Pakistan yenyewe. Lakini hiyo fainali ya Asia ilichezwa Dhaka, Machi 22, 2012, dhidi ya Bangladesh, na Pakistan walishinda kwa mikimbio 2 tu, 236 kwa 234. Tamim 60, Shakib 68. Mwisho wa mechi Shakib na Mushfiqur wanalia uwanjani wamekumbatiana na kocha aliyewalea ndo yuko benchi la waliowafunga. Hii kazi ni ya kuhama hama, na kuna siku unakutana na mikono yako mwenyewe.

Haya, Zimbabwe. Desemba 2014. Alikuta nini? Sio wazee waliokomaa na sio watoto wanaopanda, alikuta watu wanaoondoka. Zimbabwe iligawanyika 2004, wachezaji 15 waligoma baada ya nahodha Heath Streak kuondolewa, ikajitoa kwenye testi miaka kadhaa mpaka 2011, mwanzoni mwa 2014 wachezaji wakagoma tena kwa sababu ya mishahara. Mrushaji wao Kyle Jarvis alishaenda zake Lancashire. Miezi miwili hivi baada ya Whatmore kufika ni Kombe la Dunia 2015, Brendan Taylor anapiga 121 dhidi ya Ireland na 138 dhidi ya India, mechi mbili mfululizo, na papo hapo anaaga, anaenda Nottinghamshire kwa mkataba ambao kwa masharti yake hawezi tena kuichezea nchi yake. Mpigaji bora wa nchi, miaka 29, kilele chake. Simlaumu Taylor hata kidogo, ana familia. Lakini kocha afanye nini? Klabu ingeuza ikanunua mwingine, yeye hana pa kununua.

Na kuna hili ambalo kwangu mimi linafunga mjadala. Muda wote Whatmore alipokuwa Zimbabwe, Desemba 2014 mpaka Mei 2016, timu haikucheza mechi hata MOJA ya testi. Hata moja. Umeajiri fundi wa kujenga wachezaji wa muda mrefu halafu mechi ndefu humpi. Pamoja na hayo waliifunga India mechi ya ova 20 Harare 2015, wakaifunga New Zealand wakikimbiza 303. Halafu Afghanistan wakaja Bulawayo wakashinda mfululizo 3-2, wakashinda tena 3-2 Sharjah, wakawatoa Nagpur Machi 2016 kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Mwisho wa Mei kocha nje, unahodha wa Masakadza nao nje siku hizohizo, Makhaya Ntini akashika kwa muda.

Ilisaidia? Machi 2018 Zimbabwe nyumbani kwao walifungwa na UAE kwa mikimbio 3, wakakosa Kombe la Dunia 2019, benchi lote likafukuzwa tena, safari hii kocha akiwa ni Heath Streak mwenyewe. Makocha tofauti, shimo lilelile. Sisemi Whatmore hakukosea kitu Harare, kufungwa na Afghanistan mara zote hizo ni matokeo mabaya na kocha anahusika, ila mwenye kulipa mishahara na kutafuta mechi ni chama, na chama hakikujifukuza.

Yule mwalimu wa hesabu nikamrudia na haya yote, akasema "Kwahiyo kaka unataka kocha asifukuzwe kamwe?" Hapana. Nataka wakati wa kumpima tuandike vitu viwili pembeni ya matokeo. Umri wa wachezaji aliowakuta, na je waliolipwa na waliopewa mechi walikuwa wangapi siku anaondoka kulinganisha na siku anafika. Kwa kipimo hicho Dhaka ya 2007 inakuwa kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na Harare ya 2016 inakuwa kosa la ofisi kabla ya kuwa kosa la uwanja.

Nimeandika haya sasa kwa sababu mwaka 2025 vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo, la 2026 kule Zimbabwe na Namibia. Huku Tabora habari ilipita kimya, watu wengi hawakusikia kabisa, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilisimamisha mazoezi ya mpira nikawaeleza vijana wangu. Wale ni watoto wa umri wa akina Tamim. Itakuja siku wataletewa kocha wa taifa, labda mgeni mwenye jina, na sisi tutaanza kuuliza amechukua vikombe vingapi. Mimi nitataka kujua chama kimempangia mechi ngapi kwa mwaka, wale vijana wakimaliza shule watalipwa na nani ili wasiache kriketi wakatafute kazi nyingine, na mkataba wake una miaka mingapi, maana Bangladesh ilichukua minne na hiyo ni nchi ambayo kriketi inachezwa kila uchochoro.